Mwanamke Aliyewafunza Wagonga Ribiti

Kwetu Pickerel Bend mtu akisema "Kampuni", basi, hana haja ya kuongeza neno. Kuna kiwanda cha jibini na kuna kinu cha mbao, na kila kimoja kina jina lake. Kampuni ni moja tu, Kampuni ya Madaraja ya Oelke, kule chini kwenye ukingo wa mto Mississippi, upande wa Wisconsin. Nimepaka rangi madaraja yake tangu ndevu zinaanza kuota mpaka zikawa nyeupe, na mgeni akiniuliza ni nani aliyeifanya isimame hadi leo, simtaji Oelke yeyote. Namtaja Adela Jereczek.

Si kwamba namdharau Oelke wa kwanza. Gustav Oelke alikuwa mhunzi aliyetoka Ujerumani, na alifika huku wakati vijito vyote vinavukwa kwa madaraja ya mbao. Kila baridi ilipokatika, barafu ilipasuka ikayazoa madaraja hayo kama vijiti vya kiberiti. Gustav akaunda moja la chuma. Wakulima wakalitazama, wakasema jembamba, wakagoma kupita. Basi akaazima ile mashine ya mvuke ya kupuria ngano, dude zito kuliko kitu chochote kilichokuwa na magurudumu wilayani, akaingia majini, akasimama chini kabisa ya daraja lake, akamwambia dereva, "Pita." Dereva akapiga ishara ya msalaba, akapita. Baada ya hapo wilaya za jirani zikawa zinapanga foleni kwa Gustav.

Madaraja yote hayo yalishikwa na ribiti, misumari minene ya chuma isiyo na ncha. Kazi ya ribiti ilikuwa ya watu wanne. Mmoja anapasha ribiti motoni mpaka iwe nyekundu, anaitupa kwa koleo. Wa pili anaidaka hewani kwa kopo na kuitia tunduni. Wa tatu anaikingia kwa nyuma, na wa nne anaigonga kwa nyundo ya upepo mpaka inapata kichwa cha pili. Ukikosea kudaka, unaungua. Ukidaka miaka mingi, unakuwa kiziwi. Lakini wagonga ribiti walitembea mjini kama majogoo. Wengi walikuwa Wakashubi, watu waliotoka pwani ya Poland, na kanisani walikuwa na mabenchi yao ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuyakalia.

Baba yake Adela, Anton Jereczek, alikuwa mpashaji. Mgongaji wake alikuwa Clem Pellowski, jitu la mabega mapana, mwenye mdomo mchafu na moyo mwema, ambaye watoto wa Anton walimwita mjomba ingawa hawakuwa na undugu wa damu. Anton alikufa kwa maradhi ya kifua kabla ya Vita Kuu ya Pili. Clem ndiye aliyebeba kichwa cha jeneza.

Vita vilipowachukua vijana, Kampuni ikapata kazi ya kuunda mashua bapa za kushushia vifaru ufukweni. Mashua hazikuweza kusubiri ribiti. Zilitaka kuchomelewa, na wa kuchomelea wakawa wanawake, maana ndio waliobaki. Adela alikuwa na miaka kumi na minane, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Alivaa suruali ya marehemu baba yake, akaikaza kwa kamba. Kabla ya mwaka kwisha, sehemu zote ngumu za mashua, zile za kona na za chini ambako mtu huchomelea akiwa amelala chali na cheche zikimwingia shingoni, zilikuwa zinaandikwa jina lake kwa chaki.

Vita vikaisha. Wanaume wakarudi, na ribiti zikarudi nao. Wanawake waliitwa kantini siku ya Ijumaa, wakashukuriwa, wakakatiwa keki, wakaonyeshwa mlango.

Adela akaolewa na Lambert Cierzan, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Watu waliendelea kumwita Jereczek, na Lambert mwenyewe hakujali. Wakati wa uchumba, vifaa vya jeshi vilikuwa vinauzwa kwa mnada kule La Crosse. Lambert alikwenda na hela ya pete, akarudi na mashine ya kuchomelea ameifunga nyuma ya lori la maziwa.

"Pete je?" mama yake Adela akauliza.

"Hii hapa," Lambert akasema. "Ila haiingii kidoleni."

Adela hakumwacha amalize. Alikuwa ameshapanda lorini, anaikagua.

Kwa miaka mingi aliunga majembe, matrela ya samadi na madebe ya maziwa katika kibanda nyuma ya zizi. Mkulima wa bonde lile akivunjikiwa, hakuuliza aende wapi.

Mwaka wa hamsini na nane mambo ya Kampuni yakageuka. Serikali ya jimbo ilikuwa inajenga barabara kuu mpya, na ikatangaza kwamba boriti za madaraja yake zichomelewe. Enzi ya ribiti ikawa imekwisha. Walter Oelke, mwana wa Gustav, akajaribu. Akanunua mashine, akawapa watu ambao hawakuwahi kuzishika, na boriti ya kwanza ikatoka imepinda kama ndizi. Ya pili ikapasuka ikiwa bado karakanani, usiku wa baridi, kwa mlio ambao mlinzi aliudhania bunduki. Watu wakaanza kupunguzwa kazi. Mjini ikasemwa kwamba Kampuni haitafika Krismasi.

Ndipo siku moja gari la Walter likaingia uani kwa Lambert, theluji ikiwa imegeuka matope. Adela alikuwa chini ya trela. Akaona viatu vya ngozi.

"Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe, Bi Adela."

"Sufuria ya mkeo imetoboka?"

"Kampuni ndiyo iliyotoboka," Walter akasema.

Adela akajivuta, akatoka, akavua kinyago chake cha kuchomelea. "Nilikuwa kwenu miaka mitatu. Mkanipa keki."

"Najua."

"Ilikuwa kavu."

"Alioka mama," Walter akasema kwa huzuni. "Hata nyumbani tulikuwa tunazipa kuku."

Hapo Adela akacheka, na Walter akajua ana nafasi. Akamweleza yote, boriti iliyopinda na iliyopasuka. Adela akafuta mikono.

"Nakuja kwa masharti. Nakuja kama bosi wa karakana ya kuchomelea, sio msaidizi wa mtu. Na nitakaowafundisha ni wagonga ribiti wenyewe. Usiniletee mafundi kutoka Milwaukee."

"Wale hawatakubali, Bi Adela. Watakucheka."

"Wacha wanicheke. Baba yangu alikuwa mwenzao. Ukileta wageni, wao waende wapi? Wakakamue ng'ombe? Ng'ombe wana heshima zao."

Jumatatu iliyofuata mimi nilikuwa karakanani, nimeshika brashi yangu, na nakumbuka vizuri. Wagonga ribiti wote walikuwa wamekaa juu ya masanduku, mikono kifuani. Adela akapanga vinyago mezani. Hakuna aliyechukua. Clem alikuwa katikati yao, nywele zimeanza mvi, sikio moja halisikii kabisa na la pili karibu limekufa, anasoma midomo ya watu.

"Wee binti wa Anton," akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. "Ribiti unaiona. Ina kichwa mbele, ina kichwa nyuma. Hii yako iko wapi? Hili ni daraja la gundi."

"Mjomba Clem, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Daraja la gundi."

Wenzake wakaangua kicheko. Adela hakubishana. Akachukua vipande viwili vya bamba nene, akavipasha kidogo kwanza kwa moto wa gesi, kwa sababu asubuhi ilikuwa na baridi na chuma baridi ndicho kinachopasuka. Akatoa vijiti vya kuchomelea kwenye joko dogo la kuokea alilokuja nalo kutoka nyumbani.

"Unapika?" mmoja akamuuliza.

"Navikausha. Kijiti kikiwa na unyevu, kiungo kinaingia mapovu ndani, na hamtayaona mpaka siku boriti inakatika."

Akachomelea taratibu, akaacha bamba lipoe lenyewe. Kisha akalibana kwenye jiliwa na kumkabidhi Clem nyundo nzito kuliko zote.

"Vunja gundi yangu."

Clem akavua koti. Aligonga mpaka vumbi likatoka darini. Bamba likapinda, likakunjika kama ukurasa wa kitabu, lakini pale kwenye kiungo halikuonyesha hata ufa. Akaligeuza, akalitazama, akaweka nyundo chini.

"Bamba bovu," akasema, akaenda kula.

Hakuna aliyegusa kinyago siku hiyo, wala kesho yake. Adela alichomelea peke yake juma zima, na jioni alirudi kwake amenuna. Lambert alimwekea supu mezani. Mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba Ijumaa ile alikuwa ameamua kumwambia Walter ameshindwa.

Jumamosi asubuhi Clem akatokea shambani na lori lake. Nyuma kulikuwa na jembe la kukokotwa na trekta, mhimili wake umekatika vipande viwili.

"Limevunjika," akasema.

Adela akainama. Mkato ulikuwa umenyooka, unang'aa, na kwenye ukingo kulikuwa na mistari myembamba ya msumeno.

"Mjomba, hili limevunjika vizuri sana."

"Chuma cha siku hizi."

"Lilivunjika haraka, au lilikuchukua muda?"

"Mkono uliniuma," Clem akasema, akaangalia pembeni. "Utaniungia, au utanihoji kama padri?"

Adela akaingia kibandani, akatoka na vinyago viwili. Kimoja akamtupia, naye akakidaka bila kutazama, kama alivyokuwa akidaka ribiti za moto enzi za ujana wake, kabla hajapewa nyundo.

Mkono wake ulikuwa mzito. Alikandamiza, kijiti kikaganda kwenye chuma, akatukana kwa Kikashubi. Akajaribu tena, kikaganda tena.

"Hugongi kitu, Mjomba. Unabembeleza. Fanya kama unampaka mtoto mafuta."

"Watoto wangu walipakwa na mama yao."

"Inaonekana."

Akacheka, na mkono ukalegea. Kulikuwa na tatizo jingine. Fundi mzuri husikiliza. Moto ukikaa sawa hulia kama samaki anayekaangwa, na Clem hakusikia samaki wala radi. Kwa hiyo Adela akamfundisha kwa macho, atazame lile ziwa dogo la chuma kilichoyeyuka, namna linavyomfuata na kuganda nyuma yake kwa mikunjo kama magamba. Kufikia saa ya kukamua, jembe lilikuwa limeungwa. Vibaya, lakini limeungwa. Clem aliliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu aliingia karakanani, akaenda moja kwa moja mezani, akachukua kinyago. Akageuka kwa wenzake waliokuwa juu ya masanduku.

"Mnangoja nini? Mnangoja keki?"

Wakainuka.

Ile boriti ya kwanza waliyofanya pamoja ilikuwa ndefu kuliko kanisa letu. Adela akawaeleza kwa nini ya mwanzo ilipinda: moto ukitangulia upande mmoja, chuma kinavutwa huko. Lazima watu wawili wachomelee pande mbili kwa wakati mmoja, kwa mwendo mmoja, na hawaonani kwa sababu boriti iko katikati yao. Hapo ndipo Clem alipoleta ujuzi wake. Alichukua nyundo ndogo, akasimama kichwani mwa boriti, akawa anagonga reli ya sakafuni, taratibu, bila kuharakisha wala kuchelewa, kama moyo wa mtu aliyelala. Wachomeleaji walisikia mtetemo kwenye soli za viatu, wakasogea nao. Watu walioishi na mdundo wa ribiti tangu ujana hawakuhitaji kufundishwa hilo.

Mkaguzi wa jimbo akaja na mashine yake ya mionzi, akapiga picha viungo vyote. Tulikaa kantini tukingoja. Adela alikuwa anakata karoti ambazo hakuna aliyemwomba azikate. Mkaguzi akaingia, akavua kofia.

"Sijapata kitu," akasema.

"Hujapata kitu kivipi?" Walter akauliza.

"Sijapata kosa, Bwana Oelke. Hata moja. Naomba kumwona fundi wenu."

Watu kama thelathini wakanyoosha vidole kwa mama mfupi mwenye kisu na karoti. Clem, ambaye hakusikia lolote, aliona vidole na akaelewa. Alimwinua Adela hewani, na kisu chake mkononi, akamzungusha mpaka Adela akamtishia kumchinja. Hakuna mgonga ribiti hata mmoja aliyepoteza kazi.

Kuanzia hapo Kampuni ilipanda. Boriti zetu zilikwenda Iowa, Dakota, Michigan. Ukisafiri kwa gari siku nzima huku kwetu, umeshapita juu ya kazi ya Adela bila kujua. Alifanywa msimamizi wa karakana zote. Wasichana wakaanza kuja kuomba kazi, naye akawa anawapokea na lile swali lake moja: "Unaogopa cheche?" Anayesema haogopi alimrudisha nyumbani akafikirie tena. Anayesema anaogopa lakini anataka, alimpa kinyago.

Jambo moja lilibaki kutuuma. Daraja la mji wetu wenyewe, lile la kuvuka Mississippi kwenda Minnesota, lilijengwa na kampuni ya Chicago. Lilikuwa jembamba na limechoka, na kila tulipolivuka tulikuwa kama mshonaji anayevaa nguo za jirani. Kwa hiyo jimbo lilipoitisha zabuni ya daraja jipya, tao moja kubwa la chuma, Adela, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, aliingia ofisini kwa Oelke wa wakati ule, akafunga mlango. Alipotoka, tulijua tunaomba kazi. Na tukaipata.

Tao liliunganishwa ukingoni, juu ya matishari, upande wa juu wa mto, mbali kidogo na nguzo. Mpango wa mhandisi, Marit Tveten, binti mrefu na mtulivu wa Minnesota, ulikuwa hivi: alfajiri, kabla jua halijapasha chuma, matishari yavutwe mpaka katikati ya nguzo, yajazwe maji kidogo kidogo ili yashuke, na tao likalie nguzo zake. Kisha pini nne nene za chuma zishindiliwe kwenye pembe nne. Shule zilifungwa siku hiyo. Pande zote mbili za mto zilijaa watu na vibanda vya soseji. Clem, mzee wa miaka themanini na kitu, aliletwa na wajukuu, akakalishwa mbele na blanketi magotini.

Alfajiri ukaja ukungu. Nahodha wa mashua ya kuvuta alikataa kusogea mpaka aone ng'ambo, na alikuwa na haki. Ulipoinuka, jua lilikuwa juu na kali. Tao likasogezwa, matishari yakashuka, pini mbili za kaskazini zikaingia. Za kusini zikagoma.

Tveten akapima, akarudi kwa Adela. "Upande wa kusini umerefuka. Jua."

"Kiasi gani?"

"Upana wa kidole."

"Tukingoja jioni?"

"Mchana upepo unapanda. Matishari hayatatulia." Akatazama mto. "Tungeweza kulipoza..."

"Kwa maji," Adela akamalizia. "Haya haya ya mtoni." Alikuwa ameshachukua redio. "Wazima moto wako wapi? ... Kwenye soseji? Wote? Waambie waziweke chini."

Gari letu la zima moto likatoka na kengele mpaka mwisho wa barabara ya daraja upande wetu. Wale wa Minnesota walipoona hivyo hawakukubali kupitwa, wakaleta la kwao upande wao. Mabomba yakatupa maji ya Mississippi juu ya chuma cha kusini, na pande mbili zikaanza kushindana nani anafika juu zaidi, watu wakishangilia kila mkondo unapogusa kilele. Upinde wa mvua ukatokea, na watoto wakaupigia makofi kama vile nao ulikuwa kazi ya Kampuni. Tveten alikuwa amepiga magoti kwenye nguzo, jicho tunduni, nywele zimelowa.

"Linarudi," akasema. Kisha, "Bado." Kisha akainua mkono.

Wachomeleaji wawili wa Adela, mmoja mjukuu wa mgonga ribiti, wakashindilia pini. Iliingia kama ufunguo. Wakakimbilia ya pili, nayo ikaingia. Matishari yakazidi kushuka, yakaachana na chuma, na kwa mara ya kwanza tao lilisimama lenyewe, mwanga wa mchana ukipita chini yake.

Treni iliyokuwa imesimama ukingoni ikapiga honi. Kengele za kanisa zikaanza, na mashua zote za mtoni zikajibu. Clem hakusikia hata moja, lakini aliona maelfu ya kofia zikirushwa juu, akavua yake akairusha, na mjukuu wake akaenda kuitafuta majini. Adela alikuwa amesimama pale kwenye nguzo, ameshika kiuno. Lambert alimfikia kwanza. Alimpa soseji. Akaila yote akiwa analia.

Daraja lilipofunguliwa, mji wote ulilivuka kwa miguu. Katikati ya mto bwana mmoja aliyevaa suti alimsimamisha Adela. Alikuwa wa ile kampuni ya Chicago, amekuja kutazama.

"Bibi, mtu kama wewe angekuwa na nafasi nzuri sana kwetu," akamwambia.

"Asante, mwanangu," Adela akasema. "Lakini sisi ndio tunaoajiri. Unaogopa cheche?"

Bwana yule akacheka, akampa mkono. Baridi ilipokatika alikuja Pickerel Bend na mkoba wake, akaomba kazi, na Adela akamwandika kazi yeye mwenyewe.